Mwezi wa kwanza hupigi mtu

Jioni ya kwanza nilipoingia ukumbini, kocha hakuniuliza kama nimewahi kupigana. Alinitazama miguu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa kitambaa begani, ndani mna kaptura, fulana, taulo na raba za mtumba, nikidhani hayo ndiyo maandalizi. Akaniambia nivue koti, nisimame kwenye mstari mweupe uliochorwa sakafuni, niende mbele na kurudi nyuma bila kupishanisha miguu. Nilienda na kurudi dakika arobaini nzima, huku nyuma yangu vijana wakilitandika gunia hadi minyororo inalia darini. Nilipouliza glavu nitavaa lini, jibu lilikuwa fupi: hapa, mwezi wa kwanza hupigi mtu, na hakuna atakayekupiga.

Nilitoka pale nimefurahi kama mtu aliyekabidhiwa hatimiliki ya shamba.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu ukumbi mwingine, ambao sitautaja. Walinipokea kwa bashasha, wakachukua ada ya mwezi, na siku ya pili tu wakanivalisha glavu zilizochakaa hadi sponji inachungulia kwenye mshono, wakaniingiza ulingoni na kijana aliyekuwa akijiandaa kwa mashindano. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Alifanya alilofundishwa. Konde la kwanza lilinipata shavuni, la pili sikuona lilikotoka, na kwa siku tatu kichwa kiliniuma kila nilipoinama kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyepiga simu kuuliza nimeamkaje. Nina miaka 43. Nina shinikizo la damu ambalo daktari aliniagiza nilipunguze kwa mazoezi, na mke wangu aliniambia waziwazi kwamba nikirudi kule nisirudi nyumbani. Sikurudi kule.

Ndiyo maana nina neno kwa yeyote hapa Nakuru, au Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, anayefikiria kuanza ndondi au kumpeleka mtoto wake. Usiipime klabu kwa vikombe vilivyopangwa kabatini wala kwa picha za ukutani. Uliza inawakataza nini wanaoanza, na kwa muda gani. Klabu iliyo na haraka ya kukupiganisha haina haja nawe. Ina haja na mwili wa kumfanyia mtu mwingine mazoezi.

Wazo la ndondi lilinianza nikiwa mdogo, katika nyumba za reli, kwa baba yangu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jina la Philip Waruinge lilimfanya ainuke kitini. Alikuwa akisogeza meza, akainua mikono, akanionyesha jinsi Waruinge alivyokuwa akitoka kwenye njia ya konde: si kwa kurudi nyuma kama mtu aliyeogopa, bali kwa kupiga hatua ndogo kando, kisha yuko pale pale, karibu, na mpinzani amepiga hewa. Baba alikuwa akirudia hatua hiyo mara tatu, mara nne, kwa soksi, kwenye sakafu ya saruji. Nilidhani ananichezea. Sasa najua alikuwa akinifundisha jambo gumu kuliko yote katika mchezo huu.

Waruinge, mwana wa Nakuru aliyezaliwa 1945, alitwaa dhahabu ya uzani wa unyoya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mara mbili, Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Lakini simulizi aliyoipenda baba ni ya Mexico, 1968. Katika nusu fainali ya Olimpiki Waruinge alikutana na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani, mbele ya watu wa nyumbani. Majaji watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Mkenya akaondoka na shaba, nishani ya kwanza ya ndondi ya Olimpiki kwa nchi hii. Mashindano yalipokwisha, likaja kombe la Val Barker, ambalo hupewa mwanandondi aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika mashindano yote, wa kila uzani. Mwaka huo George Foreman, akiwa na miaka 19, alikuwa ametwaa dhahabu ya uzani wa juu kwa mikono iliyokuja kuitisha dunia. Kombe halikwenda kwake. Halikwenda kwa Roldán. Lilikwenda kwa mtu wa Nakuru mwenye shaba.

Tangu kombe hilo lianze kutolewa mwaka 1936, wanaume watatu tu wamelipata bila kushinda dhahabu: Louis Lauria wa Marekani mwaka huo wa 1936, Waruinge, na Roy Jones mwaka 1988. Miaka minne baada ya Mexico, jijini Munich, Waruinge alifika fainali na kushindwa tena kwa kura tatu dhidi ya mbili, safari hii na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Akarudi na fedha. Baadaye alikwenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, na huko watu walimjua kwa jina la Waruinge Nakayama.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu kila kijana anayeingia klabu za mji huu anarithi kitu hapo, ajue asijue. Nakuru haikuifunza dunia kupiga kwa nguvu. Mtu wetu aliheshimiwa kwa alivyosimama, alivyosogea na alivyokosekana pale konde lilipofika. Kocha aliyenisimamisha kwenye mstari mweupe dakika arobaini hakuwa ananicheleweshea mchezo. Huo ndio mchezo wenyewe, na ulikuwa umekwisha kuanza.

Sasa, klabu zenyewe ziko wapi? Nakuru kuna ukumbi unaoitwa Madison Square Garden. Ukumbi wa asili wenye jina hilo uko New York. Ndiko Joe Frazier alikomshinda Muhammad Ali kwa pointi katika raundi 15, tarehe 8 Machi 1971. Wa kwetu hauna viti elfu ishirini, lakini kwa mashabiki wa ndondi wa Bonde la Ufa jina hilo lina maana moja tu, na Nakuru Amateur Boxing Club imelea humo vizazi vya mabondia. Mgeni anayeanza utafutaji wake, na aanzie hapo, hata kama hatimaye atafanyia mazoezi mtaani kwake.

Klabu nyingine nyingi hazina kibango. Ziko kwenye kumbi za kijamii zilizojengwa na mabaraza ya miji ya zamani, ambazo zilikwenda mikononi mwa serikali za kaunti baada ya 2013, na ukipita mchana hutajua kuna lolote. Pita saa kumi na moja jioni. Utaisikia kamba kabla ya kuona mtu: ule mlio wa haraka wa kamba ya plastiki ikigonga saruji, mmoja, kisha watano kwa pamoja. Usipoisikia, muulize kinyozi. Muulize mwendeshaji boda anayeegesha hapo karibu. Vijana wa mtaa wanajua nani hufunza ngumi, na watakuambia pia, bila kuulizwa, nani ni mkali, nani hulipwa na asitokee, na wapi palifungwa.

Ukifika, kaa benchi siku mbili kabla ya kutoa hata shilingi. Kocha anayekataa utazame, achana naye. Tazama kama watoto wa darasa la saba wamechanganywa na watu wazima. Tazama glavu, uzibonyeze kwa kidole; zikiwa laini hadi unahisi ngumi ya aliyezivaa, hazifai kumpigia mtu. Tazama kama kuna sanduku la huduma ya kwanza na kama lina kitu ndani. Uliza iwapo klabu imesajiliwa na Shirikisho la Ndondi la Kenya kupitia tawi la kaunti, kwa sababu bila hilo mtoto wako hatapanda ulingo wowote rasmi hata akiwa na kipaji cha Waruinge. Kisha ngoja uone jambo moja: kijana anapopigwa vibaya mazoezini, kocha hufanya nini? Kule nilikokimbia, kocha alicheka na kumwambia ajikaze. Hapa nilipo, aligonga kibao, akasimamisha kila kitu, akamshika kijana uso kwa mikono miwili, akamtazama macho kwa muda mrefu, akamwambia avue glavu, akae, asirudi ulingoni juma hilo. Kijana alinuna. Nikajua nimefika.

Ada yenyewe ni shilingi mia chache kwa mwezi, na kwa wanafunzi mara nyingi husamehewa. Kitu cha kwanza cha kununua si glavu. Ni bendeji.

Naomba nibaki kwenye bendeji kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunieleza umuhimu wake kabla sijaanza. Mkono wa binadamu haukuumbwa kupiga. Una vifupa ishirini na saba, vingine vidogo kama maharagwe, na vile virefu vinavyoelekea kidole cha mwisho huvunjika upesi mtu akipiga kwa pembe mbaya. Bendeji ya mtu mzima ina urefu wa mita nne na nusu hivi. Unaanza kwa kitanzi kwenye kidole gumba. Unazungusha kwenye kifundo cha mkono mara tatu, vidole vikiwa vimetanuliwa, maana ukifunga mkono ukiwa umelegea, utakapokunja ngumi bendeji itakukaba damu. Unapanda kwenye vifundo vya ngumi, mara tatu tena. Unapita katikati ya vidole, kimoja kimoja, ukirudi kwenye kifundo cha mkono kila mara. Unazungushia gumba. Unarudi kwenye vifundo vya ngumi. Unamalizia kwenye kifundo cha mkono. Unakunja ngumi: inatakiwa ikaze inapokunjwa, ilegee inapofunguliwa.

Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi na mbili kwa mkono mmoja, na kocha akaifungua yote na kuniambia nianze upya. Aliifungua mara nne jioni hiyo. Hakukasirika. Sasa ninaifunga nikiongea, na ninaona kwamba dakika hizo chache za kujifunga ndizo zinazonitoa kazini na kuniingiza ukumbini. Shida za ofisi hubaki nje ya bendeji.

Wiki ya pili nilipewa kamba, na mwalimu wangu wa kamba alikuwa msichana wa sekondari. Kocha alimwita, akamwambia amfunze mzee. Akanifunza kwa subira ambayo walimu wengi wa watu wazima hawana: nisiruke juu, niruke kiasi cha kupitisha kamba tu, mikono ikae karibu na kiuno, kamba izungushwe na vifundo vya mikono, si mabega, nitue kwa vidole vya miguu. Alipoona nimechoka, hakusema nimechoka. Alisema tupumzike.

Wasichana ukumbini mwetu si wachache, na bado wapo wazazi wanaoshangaa. Wanaoshangaa wamesahau ya karibuni. Miaka ya 2000 nchi nzima ilimjua bondia Conjestina Achieng, ikakesha kumtazama. Ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki London mwaka 2012, na Kenya ilikuwa na Elizabeth Andiego pale, mwanamke wa kwanza wa nchi hii kupanda ulingo wa Olimpiki. Mwaka 2018, kule Gold Coast, Christine Ongare alitwaa shaba ya Jumuiya ya Madola, akawa Mkenya wa kwanza wa kike kuipata katika ndondi. Binti anayetaka kuanza leo ana watu wa mbele yake wa kuwataja. Swali la kuuliza klabu ni la kawaida kabisa: ana mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofungwa? Anarudi nyumbani saa ngapi, na nani? Nimeona ukumbi wenye mabondia wazuri ambao hauna choo cha wasichana. Hilo ni kosa, na halitengenezwi na hotuba.

Asubuhi za Jumamosi tunakimbia. Bonde la Ufa dunia inalijua kwa wakimbiaji, lakini mkimbiaji wa Iten na bondia wa Nakuru hawakimbii kwa namna moja. Sisi tunapanda kutokea Milimani kuelekea Menengai, kwa kundi, kamwe si mmoja peke yake, tukikimbia dakika tatu kwa nguvu na kutembea dakika moja, tena na tena, kwa sababu hivyo ndivyo raundi ilivyo: dakika tatu za kazi, moja ya kupumzika, mara tatu. Mji wenyewe uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kasoko ya Menengai unafika mita 2,278. Mtu akitoka Mombasa kuja kushindana hapa, mapafu humdai kabla ya mpinzani. Kwangu mimi, wiki ya kwanza, nilisimama kwenye kona ya kwanza ya mlima nikiwa nimeshika magoti, na wale vijana wakarudi kunizunguka, wakakimbia papo hapo hadi nilipoweza. Hiyo ni desturi yao. Hakuna anayeachwa barabarani.

Baada ya wiki sita hivi, konde la kwanza. Jabu. Mkono wa kushoto kwa mtu wa kulia, uliotangulia mbele, ukinyooka kutoka begani na kurudi kwa njia ile ile uliyoendea, haraka ya kurudi ikizidi ya kwenda. Kidevu chini, bega likipanda kukifunika. Mkono wa kulia haubanduki shavuni. Pumzi inatoka puani kwa mkato. Maneno haya ninayaandika kwa sentensi chache, na mwili wangu ulihitaji siku ishirini kuyaelewa, tena kwa kupigana na kivuli tu, mbele ya kioo chenye ufa, kabla sijaruhusiwa kuligusa gunia. Kila nilipoharakisha, mkono wa kulia ulishuka. Kocha alikuwa na fimbo nyepesi yenye sponji mwishoni. Ukishusha mkono, sponji inakugusa shavuni. Haiumi. Inakukumbusha tu kwamba pale palikuwa wazi.

Nakumbuka kila mara inaponigusa kwamba kuna watu waliofika juu kabisa na pale palipokuwa wazi pakawagharimu maisha. Robert Wangila ndiye mwanandondi pekee wa Kenya aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1988, jijini Seoul, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Nilikuwa na miaka sita. Sikuelewa kitu ila kwamba watu wazima wa mtaa walikuwa nje usiku wakipiga sufuria. Tangu siku hizo za Seoul, ambako Chris Sande naye alipata shaba, hakuna Mkenya aliyerudi na nishani ya ndondi kutoka Olimpiki. Na Julai 1994, huko Las Vegas, baada ya mwamuzi kusimamisha pambano lake na David Gonzalez, Wangila alizirai na hakuamka. Alikuwa na miaka 26.

Siandiki hili kumtisha mzazi. Ndondi za ridhaa, ambazo ndizo klabu zetu hufunza, si ngumi za kulipwa za raundi kumi na mbili. Ni raundi tatu, glavu za aunsi 10 kwa wepesi na 12 kwa wazito, vijana hupigana wamevaa kofia za kinga, daktari anakupima kabla ya kupanda, na mwamuzi anaweza kuhesabu hadi nane ukiwa bado umesimama wima, kisha akasimamisha pambano. Bondia aliyepoteza fahamu kwa konde la kichwa hupaswa kukaa nje angalau siku 90, bila mashindano wala mazoezi ya kupigana. Lakini kanuni hizi zina ulinzi pale tu wanapozisimamia watu, na vijana wengi huumizwa pia mazoezini, mahali ambapo hakuna daktari, hakuna jaji, na kocha ndiye sheria yote. Ubongo haupati sugu kama vifundo vya ngumi. Kocha anayesema kijana atazoea kupigwa kichwani, mwondoe mtoto wako hapo siku hiyo hiyo.

Na mzazi ajue pia mtoto anaenda kutafuta nini. Wengi wa vijana ninaofanya nao mazoezi wanataka kazi. Wameona kwamba Polisi, Magereza na Jeshi wana timu zao za ndondi, na kwamba mwanandondi mzuri anaweza kuandikwa. Njia hiyo ipo, na imeokoa nyumba nyingi. Nafasi zake ni chache kuliko ndoto zilizo kwenye ukumbi mmoja tu wa mtaa. Mwambie mtoto ukweli huo mapema, na umwache acheze. Watu wengine mtaani wanaamini klabu hufunza ukora. Mimi nimeona kinyume: kijana anayejua hasa konde hufanya nini huona haya kulitumia kwenye kituo cha matatu. Kocha wetu amewahi kumfukuza bondia wake bora wa uzani wa kilo 60 kwa kumpiga konda, na hakumrudisha, ingawa ligi ilikuwa imebaki wiki mbili. Klabu ilishindwa uzani huo. Hakuna aliyelalamika mbele yake.

Mimi mwenyewe sitashindana kamwe. Ndondi za ridhaa za watu wazima ni za kuanzia miaka 19 hadi 40, na nimeshapita. Nilipomwambia kocha hivyo siku ya kwanza, nilidhani atanipunguzia kazi. Alisema mstari ni ule ule.

Wiki ya kumi na moja ndipo aliponiita ulingoni, na masharti yake yalikuwa haya: yeye hatapiga kabisa, mimi ninapiga jabu tu, na nalenga kifua, si uso. Raundi moja. Alishika mikono nyuma ya mgongo. Mtu wa miaka sitini na kidogo, tumbo limeanza kuonekana chini ya fulana. Kengele ikalia na nikarusha jabu, na kifua hakikuwepo. Nikarusha tena. Hakurudi nyuma hata mara moja; kila mara nilipopiga alikuwa amepiga hatua ndogo kando, karibu nami kabisa, kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, na konde langu likawa limepita hewani. Dakika tatu. Nilimgusa mara moja, karibu na mwisho, kwa ncha ya glavu, kwenye bega. Nilipoegemea kamba nikihema, niliiona ile sakafu ya saruji ya nyumba za reli, na baba kwa soksi zake, meza imesogezwa ukutani. Baba amefariki miaka tisa sasa. Nilijifuta uso kwa taulo na nikakaa nao humo kwa muda.

Jumapili mke wangu hufua bendeji zangu pamoja na nguo nyingine na kuzianika, vipande viwili virefu vyeupe vikipepea kwenye kamba ya nje hadi karibu kugusa vumbi. Juzi Mama Chebet, jirani yetu, alisimama kwenye ua akaziangalia, akauliza kwa upole nani amevunjika mkono. Mke wangu akamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniita mimi, akataka kujua kama pale kwetu wanapokea msichana wa miaka kumi na nne ambaye hana nguvu nyingi lakini ana mbio. Nikamwambia aje naye Jumatatu saa kumi na nusu, wakae benchini watazame kwanza, wala asinunue glavu.